Boti ya mtumba si gari la mtumba

Jamani, kuna jambo linanikereketa na leo nimeamua kulitoa. Siku hizi ukikaa na vijana wenye vijisenti huku pwani, hasa wale wa biashara ya utalii, hukosi kusikia habari ya boti. Si ngalawa, si ile faiba ya wazi yenye mashine moja nyuma. Wanataka boti yenyewe: mashine mbili, chumba chini chenye vitanda, jiko, choo, viti laini na kivuli cha kukaa wageni. Kuna inayouzwa na mzungu anayerudi kwao, kuna iliyoko Dubai, kuna nyingine ambayo haijulikani hasa iko wapi ila picha zake zimo kwenye simu ya dalali. Ukiuliza bei unaambiwa, "Hiyo bure bwana. Mpya ungeuza nyumba mbili."

Kisha watu watano au sita wanachangishana. Mmoja anauza kiwanja, mwingine anachukua mkopo kazini, wa tatu anamwomba shemeji yake aliye Uarabuni. Pesa inatumwa, boti inakuja, inapakwa rangi, inapewa jina zuri, na wiki inayofuata inabeba watu kwenda Mbudya, Mnemba au Kisite. Hapo katikati hakuna mtu hata mmoja aliyeingia chini ya ile boti kuitazama.

Kabla hamjanirukia, niseme wazi kwamba sina ugomvi na mtumba. Tumekua kwa mitumba. Tumevaa mitumba, tunalala kwenye vitanda vya mtumba, na magari yetu karibu yote yalishaendeshwa na mtu mwingine huko Japani kabla hayajatufikia. Ugomvi wangu ni na ile akili ya kununua boti kama unavyonunua gari. Gari la mtumba tumelizoea mpaka tunadhani kila kitu cha mtumba kina tabia zile zile. Hakina.

Tazama tofauti yenyewe. Gari lina fundi kila mtaa na spea zake zimejaa Kariakoo. Jirani yako analo kama hilo, anajua ugonjwa wake. Likizimika njiani mnavunja matawi ya miti, mnayaweka nyuma na mbele, mnapiga simu. Boti ikizimika katikati ya maji kati ya Dar es Salaam na Unguja, matawi utayaweka wapi? Mkondo wa bahari ya pwani yetu unakwenda kaskazini mchana na usiku, haungoji fundi. Na kusi likivuma, chombo kisicho na nguvu hugeuka ubavu kikawa kinapigwa na kila wimbi linalokuja. Ndiyo maana nasema kosa la kwenye gari hulipwa kwa fedha, na kosa la kwenye boti linaweza kulipwa kwa watu.

Wala sisemi kwa kutishana. Tumeshalipa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilijengwa Ugiriki mwaka 1967, kwa hiyo ilikuwa na umri wa miaka 44. Uwezo wake ulikuwa watu mia sita na kitu, lakini tume iliyochunguza ilikuta kwamba ilikuwa imepakia zaidi ya watu 2,000, na waliokufa au kupotea ni zaidi ya 1,500. Hata mwaka haujaisha, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Ilikuwa na watu takriban 290, na karibu nusu yao hawakurudi majumbani kwao.

Nataka tukae kidogo kwenye hiyo Skagit, maana ina somo ambalo naona limesahaulika. Watu wengi wanasema, "Ilikuwa kuukuu, ndiyo maana." Si kweli hivyo. Skagit ilijengwa mwaka 1989, kwa hiyo haikuwa kikongwe. Ilifanya kazi huko jimbo la Washington, Marekani, pamoja na pacha wake Kalama, na mwaka 2011 zote mbili ziliuzwa kwa dola 400,000 tu. Ilitengenezwa kubeba abiria kwenye Puget Sound, ghuba iliyoingia ndani ya nchi, yenye visiwa na milima pande zote. Sasa chombo hicho hicho unakileta kwenye mlango wa Unguja mwezi wa Julai, kusi limekaza, mawimbi yanatoka bahari kuu bila kizuizi cha maana, unakijaza watu na mizigo. Kosa gani tena mnatafuta?

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe "ya mwaka gani?" wala "bei gani?" Liwe hili: chombo hiki kilitengenezwa kwa maji gani?

Na jibu lake si siri. Tangu mwaka 1998 boti za starehe zinazouzwa Ulaya lazima ziwe na kibao kidogo cha mtengenezaji, mara nyingi karibu na usukani. Kibao hicho kina herufi. A ni bahari kuu. B ni mbali na pwani, upepo mkali na mawimbi ya mpaka mita 4. C ni karibu na pwani, mawimbi ya mpaka mita 2. D ni maji yaliyotulia, mito na maziwa madogo. Kibao hicho hicho kinataja idadi ya watu na uzito unaoruhusiwa. Nyuma, kwenye tezi upande wa kulia, kuna namba ya utambulisho iliyochongwa, tarakimu na herufi 12 au 14, ambazo ndani yake zinaeleza nani aliitengeneza na ni toleo la mwaka gani. Dalali akikwambia ya 2008 na namba inasema 1998, mazungumzo yameishia hapo. Kibao kikiwa kimeng'olewa, jiulize nani alikiondoa na kwa nini. Na boti ya herufi C au D isiwe ya kuvusha watu kwenda Pemba hata ikiwa na viti vya ngozi ya chui.

Sasa tuje kwenye hizo mashine mbili, maana ndizo zinazowalewesha watu. Hoja inayotolewa ni moja: "Moja ikifa, nyingine inakurudisha." Hoja nzuri, tena ya kweli, lakini ina masharti ambayo muuzaji hakwambii.

La kwanza, fuatilia mpira wa mafuta kutoka kwenye kila mashine mpaka unakoanzia. Ukikuta mashine zote mbili zinakunywa tangi moja, kupitia chujio moja, basi una mashine mbili zenye ugonjwa mmoja. Maji au uchafu ukiingia kwenye tangi zinakufa zote kwa pamoja, tena mara nyingi siku ya mawimbi, kwa sababu ndiyo siku uchafu wa chini ya tangi unapokorogeka. Betri nayo ni hivyo hivyo. Mashine mbili zenye betri moja ni sawa na nyumba yenye milango miwili na ufunguo mmoja.

La pili, boti nyingi za namna hii zimeumbwa zipande juu ya maji zikishika kasi. Ukibaki na mashine moja nyingi haziwezi tena kupanda. Zinakokota tumbo majini kama jongoo, pengine maili 6 au 7 za baharini kwa saa. Safari uliyokuja kwa saa moja inakuwa ya saa tatu, na jua linazama. Kwa hiyo siku ya majaribio, mkiwa nje kabisa, zima mashine moja, uone boti inakwendaje na usukani unashikaje. Kisha iwashe, uzime ya pili. Muuzaji akikataa jaribio hilo, amekujibu.

La tatu ni mafuta. Mashine ya petroli ya farasi 200, ukiifungulia yote, inakula lita 70 hivi kwa saa. Mbili ni lita 140. Ukienda mwendo wa kiasi labda unatumia 90 zote mbili. Kutoka Dar es Salaam mpaka Unguja mjini ni maili za baharini 40 hivi. Kwa mwendo wa maili 20 kwa saa ni saa mbili, yaani lita 180. Kwenda na kurudi 360. Na mabaharia wenye akili hawahesabu kwenda na kurudi tu: theluthi moja ya tangi ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Chukua bei ya petroli ya leo hapo mtaani kwako, zidisha mwenyewe, halafu uniambie mgeni mmoja utamtoza kiasi gani. Dizeli inakula kama nusu ya hapo kwa nguvu ile ile, lakini mashine yake ni nzito na matengenezo yake si ya mchezo. Nimeona boti nzuri kabisa zimefungwa mwaka mzima zikiota mwani, si kwa kuharibika, bali kwa sababu wenyewe walijua bei ya kununua wakasahau bei ya kutembeza.

Wenye boti wana hesabu yao ya haraka: kila mwaka weka pembeni angalau sehemu moja ya kumi ya bei ya boti kwa ajili ya matunzo tu. Huna hiyo? Basi huna boti, una deni linaloelea.

Turudi kwenye ukaguzi. Wazee wetu wa majahazi walikuwa na elimu ambayo tunaidharau. Nenda Nungwi au Matondoni huko Lamu ukaone fundi anavyokagua chombo. Anakipandisha, anakizunguka, anagonga ubao mmoja mmoja kutoka omo mpaka tezi, anachokoa kalafati, anatia kisu kwenye taruma kuona kama mbao imeoza. Hanunui kwa macho, ananunua kwa sikio na kwa kidole. Mbao ikiwa mgonjwa inasema.

Faiba haisemi, na hapo ndipo tunapoingizwa mjini. Kwa nje inang'aa kama sahani ya harusi. Ndani, boti nyingi za miaka ya nyuma zina plaiwudi iliyofunikwa na faiba, hasa kwenye ubao wa tezi unaobeba mashine na kwenye nguzo za chini zinazoshika sakafu. Maji yakipata tundu moja dogo la skrubu iliyofungwa vibaya, yanaingia humo na kukaa miaka. Plaiwudi inageuka uji huku nje rangi inameremeta. Siku mashine mbili zinavuta kwa nguvu zote kwenye ubao uliooza, ubao unaachia. Lakini elimu ya wazee inafanya kazi hapa pia: gonga na kinyundo cha plastiki. Pazima panalia kwa sauti kali, palipooza panalia butu. Simama juu ya sakafu, ruka kidogo. Ikibonyea, chini kuna tatizo. Panda mgongoni mwa mashine ya nje, itikise. Ukiona tezi linacheza au nyufa zinazunguka boliti, shuka uende nyumbani.

Chini ya maji ndiko kwenye mambo. Boti lazima ipandishwe nchi kavu. Usikubali kabisa kununua kitu ambacho nusu yake hujaiona. Pasipo na winchi wala gati la matengenezo tumia bamvua, ambalo kwetu maji yanapanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Chombo kinaletwa kwenye mchanga maji yakijaa, yakipwa kinabaki kikavu. Ila ufanye hivyo na fundi anayejua, maana zipo boti ambazo rafadha na usukani wake vimetokeza chini ya mkuku na zikikaliwa zinavunjika. Ukishaingia chini tafuta malengelenge kwenye faiba, tafuta mahali palipozibwa na rangi tofauti, shika rafadha uitikise, tazama vile vipande vya zinki. Zinki imewekwa iliwe na chumvi badala ya chuma. Ukikuta imekwisha kabisa, jua chumvi sasa imehamia kwenye mashine. Kama mashine ziko ndani na miguu yake iko nje, kuna mipira mikubwa inayokunjana kama ngoma ya akodiani kuzuia maji yasiingie pale mguu unapopita. Mpira mmoja uliopasuka unatosha kuzamisha boti usiku ikiwa imefungwa gatini, hakuna mtu, hakuna wimbi.

Kisha mlango wa ngama. Ufungue kabla ya kutoka na ufungue tena mkirudi. Maji yaliyomo ni ya chumvi au ya mvua? Yana mafuta juu yake? Pampu zinajiwasha zenyewe? Na kama mashine ni za petroli na ziko ndani, nusa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala kwenye ngama ukisubiri cheche. Ndiyo maana boti hizo huwekewa feni ya kutoa hewa ile kabla ya kuwasha. Feni imekufa? Basi hilo ni bomu lenye vitanda. Na vile vitanda navyo vina hatari yake: moshi wa mashine au wa jenereta una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, ikiingia chumbani watu wanalala na hawaamki. Sijui ni wauzaji wangapi wamewahi kumwambia mteja hilo. Wanaonyesha friji.

Majaribio yawe siku yenye mawimbi kidogo, si asubuhi maji yamelala kama ya beseni. Kabla mashine hazijawashwa zishike kwa mkono. Zikiwa za moto, mwenyewe ameziwasha mapema ili usione zinavyosumbua zikiwa baridi. Moshi mweusi usioisha una maana mafuta hayaungui sawasawa au mashine imeelemewa. Wa bluu, inakula oili. Mweupe usiokoma, huenda maji yanaingia mahali pasipotakiwa. Chomoa kijiti cha oili. Ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Linganisha mashine hizi mbili kwa joto, kwa mizunguko, kwa saa zilizotembea. Mapacha wasiofanana wana hadithi, na hadithi hiyo uisikie kabla ya kulipa.

Na haya yote asikufanyie fundi aliyeletwa na dalali. Lipa mkaguzi wako mwenyewe. Andikeni kwenye mkataba kwamba malipo ya awali yanarudi kama ukaguzi na majaribio yakishindikana. Dai hati ya mauziano, dai ushahidi kwamba imefutwa kwenye rejesta ya nchi ilikotoka, dai stakabadhi za ushuru. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Boti ambayo dalali anakupigia simu mara nne kwa siku ina sababu ya kutembezwa.

Najua mtaniambia, "Mwandishi, haya ni mambo ya matajiri, yanatuhusu nini?" Yanakuhusu wewe utakayepanda. Boti ile ikishanunuliwa haibaki kuwa ya starehe. Pesa iliyokopwa lazima irudi. Leo inabeba watalii wanane, Sikukuu inabeba ndugu ishirini, siku ya msiba inavusha jamaa thelathini na maiti. Chombo kilichonunuliwa kwa deni kina tabia ya kujazwa kupita kiasi, kwa sababu kila kiti cha ziada ni rejesho la mkopo. Tunamlaumu nahodha kwa kujaza watu, lakini mara nyingi kujaza kulianza siku ya kununua, pale mtu alipotoa pesa yote na kubaki hana hata ya kununua makoti ya kuokolea. Chombo cha kuzama hakina usukani, ndiyo, lakini mara nyingi kuzama kwenyewe kulianzia mezani, kwenye kusaini karatasi.

Hata serikali haikuwa salama na ununuzi. Mwaka 2014 kililetwa kivuko cha MV Dar es Salaam cha kwenda Bagamoyo, kwa karibu shilingi bilioni 8, na baadaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akasema kwenye ripoti yake kwamba hakikufikia kasi iliyotakiwa kwenye mkataba. Serikali ina wanasheria, ina wahandisi, ina bodi za zabuni. Sasa wewe na wenzako watano mnaotegemea picha za simu mna nini?

Kwa hiyo nina mambo matatu ninayoyadai.

La kwanza ni kwa wakubwa. Tanzania Bara tuna TASAC, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Zanzibar wana mamlaka yao ya usafiri baharini, Kenya nao wanayo yao. Chombo chochote kinachobeba watu kwa malipo kikiuzwa, ukaguzi uanze upya, tena kikiwa nchi kavu, kabla mmiliki mpya hajapokea hata nauli moja. Cheti cha mwenye zamani kisirithiwe kama shamba.

La pili, idadi ya watu iandikwe ubavuni kwa rangi na tarakimu kubwa ambazo bibi yangu atazisoma akiwa ufukweni bila miwani. Pamoja nayo tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Cheti kilichofungiwa kwenye droo ya ofisi hakimwokoi mtu. Abiria akiweza kuhesabu vichwa mwenyewe, amekuwa mkaguzi wa bure.

La tatu ni kwetu sisi abiria na vijana wenye ndoto. Kataa kupanda. Najua ni vigumu, mgeni amelipa, ndugu wamefika, nahodha anakwambia "twende tu, karibu hapo." Omba koti la kuokolea kabla hujaweka mguu, tena la kuvaa, si la kuonyeshwa limefungwa juu ya dari kwa kamba yenye fundo la miaka mitatu. Omba uone redio. Idhaa ya 16 ndiyo ya dharura, nahodha asiyeijua hajui kazi. Na kama unachangia kununua, basi mchango wa kwanza kabisa, kabla ya nauli ya kwenda kuiona, kabla ya jina na rangi, uwe wa kumlipa mkaguzi. Mkaguzi akisema hapana mmepoteza hela kidogo mkaokoa kiwanja cha mtu. Akisema ndiyo, mtalala usingizi.

Kuna watu wataona nawavunja moyo vijana. La. Natamani sana siku moja biashara ya boti huku kwetu iwe mikononi mwa watoto wa pwani, si wageni tu wanaokuja na kuondoka. Babu zao walivuka mpaka Maskati kwa tanga na nyota, hawakuwa wajinga wa bahari. Lakini walikijua chombo chao ubao kwa ubao kabla ya kukitia majini, na hawakuona haya kukirudisha pwani kama hakijawa tayari. Mashine mbili hazijabadilisha sheria hiyo.

Naomba kutoa hoja.